Sultani Hafagii

Jumatatu, 4 Machi 1996

Kompyuta imezimia tena. Mara hii mbele ya watu! Nilimwita Shangazi Mwanakuu aje chumba cha mbele amwone Sultani akicheza bao. Sultani ni programu yangu. Nimeiandika mwenyewe tangu kabla ya Ramadhani, hapa hapa Kibokoni, bila msaada wa mtu. (Isipokuwa Zaki, na Zaki hahesabiki.) Sultani akala kete, akala tena, kisha kioo kikaganda. Shangazi akauliza anafikiri au amekufa. Nikamwambia anapumzika.

Zaki ni binamu yangu, mwenye ofisi ya kompyuta Ganjoni na maoni kila mahali. Kasema mimi mwenyewe najua fika kinachomuua Sultani. Kila anapowaza hatua moja huchora ubao mzima wa bao ndani ya memori, na akishautazama huuacha pale pale. Maelfu ya mbao zisizotakiwa na mtu. Kasema programu yenye adabu hujifagia: kitu kisichoulizwa tena hutolewa, nafasi yake ikapewa kingine. Nikamjibu kufagia ni shida ya maskini wa memori. Memori inashuka bei kila mwezi! Ukifika mwaka 2000 kompyuta zitakuwa na memori isiyojaa milele, na yeye ufagio wake atautundika ukutani kama panga la babu.

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nikasema hata Mzee Abdulhalim atafungwa na Sultani.

Mzee Abdulhalim ndiye bingwa wa bao wa mtaa mzima. Marehemu mume wa shangazi alicheza naye maisha yake yote asimfunge hata mara moja, na mpaka leo mzee akipita dirishani huuliza, kwa heshima zote, kama marehemu aliacha wasia wa kulipiziwa. Shangazi hucheka, lakini najua haimpendezi. Kanitazama mimi, kaitazama kompyuta. Kasema vyema. Jumapili, baada ya alasiri, barazani. Sultani akishinda, chumba cha mbele ni changu mpaka nioe. Akishindwa, chumba anapewa Sheikha, yule apakaye maharusi hina, anayekililia tangu Idi.

Mpaka nioe! Yaani maisha.

Akitoka kanikumbusha kutoa taka. Taka, taka. Nyumba hii haina mazungumzo mengine.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata megabaiti nane zaidi! Zaki kachukua feni yangu, kanipa vibao viwili vya memori. Sasa Sultani ana kumi na sita. Kuna serikali haina kumi na sita. Zaki kauliza nitaishije bila feni mwezi wa Machi. Nikamwambia mtu mwenye fikra hatoki jasho. Nilitoka jasho nikimwambia.

Kisha nikaigeukia taka. Kazi yangu katika nyumba hii ni moja, kupeleka ndoo jaani kila jioni. Ndoo hujaa, naimwaga, inajaa. Mtu aliyesoma awezaje kuishi hivi? Dawa ya ndoo ni ile ile ya Sultani. Nikaenda Majengo kwa mafundi wa mabati nikabadilisha baiskeli kwa pipa. Pipa hasa! Limekuja juu ya mkokoteni kama bwana harusi. Tulifungua mlango mkubwa pande zote mbili, na wapita njia wanne wakalisukuma mpaka ukumbini. Sasa taka hazitolewi tena.

Shangazi kauliza likijaa litatokaje. Nikamweleza taratibu, kama mwalimu, kwamba halitajaa. Ndiyo maana ya kitu kuwa kikubwa. Na likikaribia kujaa tunanunua kubwa zaidi. Kauliza hayo mapipa yatakaa wapi. Hilo ni swali la waashi, si langu.

Jumatano, 6 Machi

Sultani kanifunga! Nimecheza naye asubuhi, kanimaliza kabla sijapata hata nafasi ya kukasirika. Sijawahi kufurahia kufungwa namna hii. Kisha nikamwacha awaze peke yake ili nijue anakata roho lini. Kawaza tangu nilipoketi kunywa chai mpaka adhana ya adhuhuri. Ndipo kaganda.

Basi hesabu imekwisha. Mchezo mmoja wa bao ni mfupi kuliko hapo. Mchezo ukiisha, nazima kompyuta, na uchafu wote unakufa nao. Wa nini ufagio? Zaki alipopita, kwa mara ya kwanza maishani kakubali nusu. Kasema ni kweli, kazi ikiwa fupi kuliko memori, kufagia ni kupoteza wakati. Hata mgeni wa usiku mmoja humfulii shuka. Ila yapasa ujue mgeni anaondoka lini. Nikamwambia mgeni wangu ataondoka kwa wakati. Kuna watu wakikosa la kusema husema methali ambazo hata si methali.

Pipa lina vifuu vya nazi, machicha, maganda ya maembe na vichwa vya samaki changu. Bado nafasi tele. Joto limezidi. Nimemfunika Sultani kwa leso mbichi ya shangazi, kwa vile feni hakuna. Shangazi kauliza kwa nini leso yake inapigwa na umeme. Tumeachana vibaya.

Alhamisi, 7 Machi

Leo ujasusi! Nikapita barazani kwa Mzee Abdulhalim, nikajifanya nasubiri kahawa, nikaupima mchezo wake. Salaala! Mzee alikuwa anacheza kama anakimbizwa. Kaketi ukingoni, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, kashinda kabla kahawa yangu haijapoa, kasimama, kaondoka. Wenzake wote wakamfuata mbio. Mmoja kaniambia jeneza limeshatoka na nisichelewe maziko. Sijui kwa nini ananieleza mambo ya maziko wakati mimi napima bao. Muhimu ni kwamba sasa najua kasi ya mzee. Sultani atabaki na memori ya kugawa sadaka!

Kabla hajaondoka nilimtega kwa hoja. Nikamwambia bao lenyewe linanitetea, kwa sababu katika bao hakuna kete inayotupwa. Ukila kete za mwenzio unazicheza, hakuna taka. Kacheka. Kasema ni kweli hakuna taka, lakini ni kwa sababu kete ni sitini na nne tu, tangu enzi za mababu, na kila iliyoliwa inarudishwa kazini. Kasema hajapata kuona mtu akiongeza mashimo kwa uvivu wa kuzirudisha.

Nimeandika hayo ili niyatafakari. Kuongeza mashimo! Wazo zuri sana. Ajabu kwamba hajalifanya.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa kila mtu anajua. Nilipokuwa natafuta viatu vyangu msikitini, watu watatu wameniombea dua, na wa nne kaniuliza kama nimeshapata pa kuhamia. Mji huu haufichi kitu.

Saa tisa kaja Sheikha. Kaja na utepe wa fundi cherehani kupima dirisha langu kwa ajili ya mapazia! Mechi bado! Nikamwambia anajisumbua. Kasema hajisumbui, Mungu ndiye mgawaji, nami nimshikie upande ule wa utepe. Nikamshikia. Sijui kwa nini nilimshikia.

Kisha upepo kidogo ukapita kutoka ukumbini. Vichwa vya changu vya Jumatano. Sheikha kajifunika buibui mpaka machoni, kasema kefule, ndani ya nyumba hii mmezika mtu? Katoka bila kumaliza kupima. Ushindi! Pipa linalinda chumba changu kuliko askari. Nimeapa kutogusa taka hata moja mpaka Jumapili.

Shangazi kasema na yeye ana la kuapa. Hakusema ni lipi.

Sisimizi wameanza kuonekana kwenye kibodi. Wanapenda herufi S. Ninaandika Sultani kwa taabu.

Jumamosi, 9 Machi

Pipa limejaa. Si kosa la nadharia, ni wageni. Jana usiku walikuja jamaa kutoka Malindi, na watu wa Malindi hula samaki kama wanalipizana kisasi.

Shangazi kaamuru litolewe. Tumelisukuma mimi na Zaki. Lilipoingia lilikuwa tupu na watu walikuwa wanne. Sasa limeshiba, nasi ni wawili, na mmoja wetu (Zaki) anacheka. Limefika katikati ya mlango mkubwa, likakwama. Haliendi nje, halirudi ndani. Watu wote wa nyumba sasa wanapitia mlango wa uani, kupitia jikoni kwa jirani, ambaye anawasalimia kila wakipita na hafurahi.

Zaki kafuta jasho, kasema jambo. Kasema akikaa na Sultani jioni hii moja tu, atamwandikia kifagio. Bure. Hataki kitu ila jina lake liandikwe chini ya langu kwenye kioo, kwa herufi ndogo. Nikafikiri. Kusema kweli nilifikiri sana. Ninaogopa kesho. Chumba kile ndicho pekee duniani ambamo mtu akiingia huniuliza mimi. Huniuliza bei ya kuchapa barua, lakini huniuliza.

Kisha nikaliona jina la Zaki kwa macho ya fikra, herufi ndogo, likimeremeta. Nikakataa. Heri nife na uchafu wangu mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Naandika usiku huu huu, kabla sijasahau hata hatua moja.

Baraza ilijaa. Ubao wa bao wa mzee ukawekwa nje, mbele ya dirisha la chumba changu. Sultani ndani, mezani, kioo kikitazama nje. Yeye anaamua, mimi nazitia kete kwa mkono. Shangazi kasimama ndani nyuma ya dirisha, upande usioonekana, maana hawezi kuketi barazani na wanaume. Watu wote wamekaa upande upepo unakotoka, kwa ajili ya pipa.

Nikamwamsha Sultani. Akaanza kuwaza papo hapo. Ndiyo sifa yake kubwa: huwaza hata zamu ikiwa ya mwenzake! Hapotezi nukta.

Basi Mzee Abdulhalim akaanza kusalimu. Alimsalimu kila mtu. Kauliza hali, hali ya watoto, hali ya walio Lamu. Kaisalimu kompyuta, kauliza imeamkaje. Sultani anawaza. Nikamwambia mzee tuanze. Kasema tumeshaanza, salamu ni sehemu ya bao. Kahawa ikaja. Kashata zikaja. Kacheza hatua moja! Kisha kasimulia habari ya mtu aliyewahi kucheza hatua kama ile, na mkewe, na kesi ya shamba lao. Nikamkumbusha kwamba Alhamisi alicheza mbio. Kashangaa. Kasema Alhamisi kulikuwa na maziko, au mimi sikujua?

Hapo damu ilinipoa kwa mara ya kwanza wiki hii.

Lakini Sultani! Sultani alikuwa simba. Kila zamu ikifika anakula. Kala kulia, kala kushoto, kavunja nyumba ya mzee, lile shimo lake kuu, na mzee kaacha kashata mkononi haijaumwa. Watu wakasogea, wakalisahau pipa. Nyuma ya dirisha nikasikia kigelegele kimoja, kidogo, kikakatika. Nikafikiri nitalia. Hatua chache tu!

Kikaja kikohozi uchochoroni. Mgeni kutoka Lamu, rafiki wa mzee wa utotoni, hawajaonana tangu Idi ya mwaka juzi. Wakakumbatiana. Wakaulizana hali upya, mtu mmoja mmoja, na waliokufa wakaombewa. Sultani anawaza. Nikasema kwa sauti kwamba memori si mali ya umma. Adhana ya magharibi ikalia. Watu wote wakasimama kwenda kusali, nami pia, ningefanyaje, na Sultani akabaki peke yake akichora mbao zake juu ya mbao.

Tulirudi kioo kimeganda.

Nikabofya. Nikapiga. Nikapuliza, wakatoka sisimizi. Mzee kauliza kwa upole kama mwenzake amelala. Zaki hakusema neno, jambo linaloniuma hadi sasa. Nikasema nitaiwasha upya, lakini ikiwashwa upya haitakumbuka kitu. Wakakubaliana kwamba mchezaji asiyejua yuko wapi hayupo.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Shangazi. Kaniambia, Aidarusi, shimo la tatu kutoka kushoto, peleka kulia.

Nilidhani anawaza kwa sauti. Kasema tena, na safari hii kwa sauti ya kuniamrisha kutoa taka. Nikatii. Kete zikazunguka, zikala, zikazunguka, zikala. Mzee kacheza. Shangazi kajibu kabla mkono wake haujatoka kwenye ubao. Mimi natia kete tu, kama kijakazi. Nikamnong'oneza kumkumbusha hatua alizocheza Sultani mwanzoni, ili zimsaidie. Kasema nimwondolee hayo, yamepita. Yaliyo mbele yanamtosha.

Zamu mbili zaidi. Safu ya mbele ya Mzee Abdulhalim ikabaki tupu, na kwenye bao huko ndiko kufungwa.

Mzee kavua kofia. Kaushika ubao kwa mikono miwili, kisha kaliambia dirisha kwamba marehemu amelipiziwa, na kwamba kumbe miaka yote ile alikuwa akicheza na mtu siye katika nyumba hii. Nilimsikia shangazi analia, na anacheka, yote pamoja. Kisha vigelegele vikapasuka, kwetu, kwa jirani, mpaka nyumba ya tatu!

Nikasimama kushukuru kwa niaba ya Sultani. Nikaeleza kwamba ushindi ni wa wote, lakini sehemu kubwa aliicheza yeye, hivyo chumba ni changu. Mzee kasema bao ni la aliyelimaliza. Watu wakaitikia. Hata yule wa Lamu, ambaye hajui lolote!

Jumatatu, 11 Machi

Shangazi kaamka na kiapo chake cha Ijumaa. Kaapa kusafisha nyumba. Utaratibu ni mmoja. Anashika kitu, anauliza kwa sauti: yupo anayekitaka hiki? Akijibiwa, kinabaki. Asipojibiwa, nje. Viti vibovu, nje. Mtungi uliopasuka, nje. Zaki alikuwapo, kaja ati kusaidia, akatabasamu kila kitu kikitoka. Pipa lenyewe likatolewa na vijana wa Mzee Abdulhalim. Walitoa taka kwanza, kapu kwa kapu, kisha likapita jepesi. Njia ya ajabu, ya watu wasiosoma.

Kafika chumba cha mbele. Kaigusa kompyuta, kauliza yupo anayeitaka hii. Nikasema mimi. Kasema haya. Kisha kanigusa bega. Kauliza yupo anayemtaka huyu.

Sheikha alikuwa juu ya ngazi anatundika mapazia, hakugeuka. Zaki kaitazama dari. Mzee Abdulhalim, aliyekuja asubuhi na mapema kuomba mchezo wa pili kupitia dirishani, kakohoa. Nilingoja. Niliangalia mpaka ukumbini, labda kuna mtu. Inauma, nitaandika ukweli, inauma kuliko kufungwa.

Nje.

Sasa nipo barazani na kompyuta isiyo na umeme na pipa tupu. Ndani, nasikia shangazi akimwelekeza mtu mwingine aitie kete yake wapi. Mara dirisha limefunguka, ufagio umetoka, umeniangukia miguuni. Shangazi kasema maneno machache. Kasema chini ya ngazi kuna kijichumba, kinafaa kwa meza moja. Siku atakayousikia ufagio huu ukifagia, iwe baraza, iwe ndani ya huyo Sultani, yeye mwenyewe ataniulizia nirudi ndani. Kafunga, lakini taratibu.

Nimeutazama ufagio mpaka adhuhuri. Ni mzuri, wa chelewa mpya za mnazi, umefungwa vizuri. Na nimetafakari sana, kwa moyo wote, kosa lilikuwa wapi. Si sisimizi, si mgeni wa Lamu. Memori ilikuwa ndogo! Mechi ya magharibi yataka thelathini na mbili. Nikipata sitini na nne, hata mgeni wa Unguja aje.

Nimerudi sasa hivi kutoka Ganjoni, kwa miguu. Zaki hakuamini mpaka nilipoapa. Kakaa chini kwanza, kajifuta machozi, kisha kanipa. Megabaiti nne nzima! Kwa ufagio! Halafu watu wanasema mjinga ni mimi.